Wakristo na Waislamu wa Kigoma, siku mfungwa anatoka sisi tunakuwa wapi?

Mama Gungu (mleta uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa makamo, nakaa Gungu hapa Kigoma mjini, nauza dagaa na mawese, na tangu 2016 nimo kwenye kikundi cha akina mama wa parokia tunaotembelea gerezani. Kuandika mambo marefu sijazoea, mwanangu ndo kanifungulia hii akaunti, ila kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima.

Jumanne nilikwenda mahakamani kwa shauri la kiwanja cha marehemu mume wangu. Karandinga likaingia, mahabusu wakaanza kushuka wamefungwa pingu wawili wawili, mmoja akaniita, "Mama wa sabuni, shikamoo." Nikamwangalia nikamjua. Huyu kijana Krismasi iliyopita tulimkuta ndani anatumikia kifungo, anaimba besi kwenye kwaya ya humohumo, sauti nzuri mpaka mwalimu wetu wa kwaya akasema huyu akitoka tunamchukua. Nikamuuliza baba si ulitoka wewe? Akasema nilitoka mama, nimekaa nje siku 11.

Alhamisi nikaenda kumuona, akanisimulia. Alitoka saa nne asubuhi na nguo alizoingia nazo, viatu vilishaoza. Kwao ni vijiji vya ziwani huko kaskazini, unapandia boti Kibirizi. Nauli hana, simu hana, namba ya kaka yake aliyoikariri haipatikani tena. Akaenda mwaloni akawa analala kwenye mitumbwi, mchana anasaidia kushusha mizigo wanampa mia tano, wakati mwingine wanampa dagaa tu. Jumapili akaja kanisani kwetu, naomba msome hapa vizuri, ALIKUJA KANISANI KWETU, akakaa benchi la nyuma na nguo zilezile anasubiri amuone mmoja wetu amsalimie, mama aliyekaa naye akachukua mkoba wake akauhamishia upande wa pili. Akaona. Akaondoka kabla ya matoleo. Mimi siku hiyo nilikuwepo, benchi la tatu kutoka mbele. Siku ya 11 akakamatwa na betri la taa za kuvulia dagaa, mali ya mtu. Hakatai kwamba kaiba. Kaniambia tu, mama nilikuwa na njaa na nilikuwa sijui niende wapi.

Sasa sisi kila Krismasi na Pasaka tunachangishana. Miche ya sabuni, dawa ya meno, kandambili, taulo za kike kwa upande wa akina mama, unga wa lishe kwa wale watoto wadogo maana sheria inaruhusu anayenyonya akae na mama yake mle ndani. Kwaya inaimba, padri anasalisha, tukitoka nje tunajipanga mbali kidogo na geti tunapiga picha ya ukumbusho. Sisemi ni vibaya, mtu aliyekaa miezi mitatu anaogea maji matupu anajua thamani ya kipande cha sabuni. Ila kuna siku moja ambayo yule mtu anatuhitaji kuliko Krismasi zote na siku hiyo sisi hatuna hata taarifa nayo.

Na familia nazo hazina taarifa, hili nililijua nimeshachelewa. Kumbe mfungwa mwenye nidhamu anapunguziwa theluthi ya kifungo. Hakimu kasema miaka 3, kijijini mama yake anahesabu miaka 3, anajua mwanangu atatoka mwakani, kumbe mtoto anatoka ikitimia 2. Anafunguliwa geti hakuna anayemtegemea popote. Huyu kijana ndo kilichomkuta.

Nauliza makanisa mengine na misikiti, nyie mnafanyaje? Nataka kujifunza, mwezi ujao tuna kikao na nataka niende na kitu mkononi.

Muha wa Buhigwe

Mama shikamoo. Nimesoma mara mbili. Huku kwetu Kasulu tuna wazee wa kanisa wanaokwenda gerezani kila mwezi lakini kama ulivyosema, wanaishia ndani. Hilo la theluthi mimi ndo nalisikia leo, nina binamu amefungwa miaka 6 na shangazi keshaweka akilini kwamba hatamuona mpaka 6 iishe, ngoja nimpigie sasa hivi.

Ustadh Ujiji

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari zenu wote. Mama Gungu Mwenyezi Mungu akulipe kwa hiyo aya ya mkoba, hata misikitini kwetu mikoba inahamishwa.

Mimi naingia gerezani kufundisha darsa kila Ijumaa mwaka wa tisa huu. Ratiba tumegawana vizuri na wenzetu, Ijumaa sisi, Jumamosi Waadventista, Jumapili Wakatoliki na Waanglikana na Wapentekoste wanapokezana, na hatujawahi kugombana. Siku ya Idd tunapeleka mchele na mbuzi hai, wanachinja na kupika wenyewe humo ndani maana chakula kilichopikwa nje siku ya kwanza kilirudishiwa getini, sufuria nzima ya pilau, tukajifunza. Ramadhani tunapeleka tende, sukari na unga wa uji wa futari. Pale wanakula wote, hakuna anayeulizwa dini, na ndivyo tulivyoagizwa, Surat Al-Insan aya ya 8 inamtaja aliyeko kifungoni pamoja na maskini na yatima, haijasema mfungwa Muislamu.

Lakini nikueleze jambo ambalo limeniuma kuliko yote na dawa yake haikuwa ghali. Kuna watu wako ndani kwa kukosa faini tu. Hakimu anasema faini laki mbili au miezi sita, mtu hana laki mbili, anakwenda. Tulimkuta kijana wa hivyo, aligombana sokoni akampiga mwenzake, siku tunamkuta ana wiki ya tatu, mkewe ana mimba kubwa na anauza mihogo ya kuchemsha barabarani. Tukarudi msikitini tukapitisha bakuli baada ya swala, ikapatikana laki na elfu thelathini na kitu, mimi nikampigia mchungaji mmoja rafiki yangu wa Mwanga nikamwambia sheikh mwenzio nimekwama, akacheka akasema lete risiti. Zikatimia. Tulikwenda kulipa mahakamani kwa risiti, hatukumpa mtu mkononi, hilo nasisitiza sana. Kijana akatoka siku hiyohiyo na mtoto alizaliwa baba yake yupo. Toka hapo kila tukienda namuuliza afisa ustawi wa gereza kwanza, nani yuko hapa kwa faini.

Katubuka 88

Samahanini nitaandika kitu ambacho hamtakipenda.

Mdogo wangu alichomwa kisu mwaka 2021, alikuwa na miaka 23, alikuwa anatoka kuangalia mpira. Aliyefanya yuko humo humo mnakopeleka mchele na mbuzi na unga wa lishe. Kesi inaahirishwa, mara shahidi hajaja, mara hivi, na sisi kila ikitajwa tunaacha kazi tunakwenda kukaa kwenye lile benchi. Miaka yote hii nimeona kwaya zinapita na magari yamefungwa vitambaa zinakwenda gerezani. Hakuna jumuiya hata moja, ya kanisa wala msikiti, iliyogonga mlango wa mama yangu baada ya arobaini kuisha. Mama yangu presha imempanda mpaka jicho moja haoni vizuri. Hajawahi kuletewa hata mche wa sabuni.

Sisemi msiende. Naeleza tu tukiwaona mnapita tunajisikiaje.

Mstaafu wa Kaki

Katubuka pole sana dada yangu. Umesema kweli na sina la kukujibu kwenye hilo.

Mimi nimetumikia Jeshi la Magereza miaka 31, mingi Kigoma na Tabora, nimestaafu sasa nafuga nyuki. Naomba nisaidie upande wa utaratibu maana nimeona vikundi vingi vizuri vinazuiliwa getini kwa mambo madogo halafu vinasambaza maneno kwamba magereza wanazuia neno la Mungu.

Anza na barua kwa mkuu wa gereza, ikibidi itapanda kwa Mkuu wa Magereza Mkoa. Taja idadi yenu, siku, mnachopeleka. Msifike watu 60 na basi, watu 10 wanatosha. Simu zinabaki nje, kamera zinabaki nje, na ule mtindo wa kumrekodi mfungwa anatubu mkaposti ni udhalilishaji, mtu huyo ana watoto shuleni. Kila kitu kitakaguliwa hata mkate utakatwa, usinune, mimi nimeshakuta bangi ndani ya sabuni iliyotobolewa ikazibwa vizuri. Barua usipokee kisirisiri hata kama mtu analia, barua zinapita ofisini, ukikubali moja umefunga mlango kwa wote watakaokuja baada yako. Na mfungwa asiyetaka kuja ibadani aachwe. Zile kanuni za Umoja wa Mataifa za kutunza wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Mandela za 2015, zinasema wazi mfungwa asinyimwe kumuona kiongozi wa dini yake na pia akikataa kutembelewa aheshimiwe.

Sasa la Mama Gungu. Siku ya kutoka inajulikana. Iko kwenye makaratasi yake na mfungwa mwenyewe anaijua kwa kichwa, muulize saa nne za usiku atakutajia bila kukosea. Nyie mnachotakiwa ni kumuuliza yeye, ukitoka unakwenda wapi, nani atakupokea, tumpigie nani. Akikubali mnaandika. Askari wa ustawi atafurahi kusaidiwa kwa sababu kazi hiyo ni yake na hana gari wala vocha ya kupigia vijiji vyote vya Kigoma.

Nimewahi kumfungulia mtu geti asubuhi akasimama pale nje mpaka saa nane mchana. Nikamfuata nikamwambia bwana mbona huondoki. Akaniambia afande nisindikize mpaka barabarani. Alikuwa amekaa miaka 9, alikuwa anaogopa bodaboda.

Mtoka Ndani

Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Nilikaa mahabusu miezi 19, kesi ikafutwa, sikuwahi kutiwa hatiani na kitu chochote. Naomba niseme mambo ambayo mtu wa nje hawezi kuyaona.

La kwanza wahubiri jueni mnaongea na nani. Humo wamechanganyika wafungwa na mahabusu, mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaisha, na Katiba yetu ibara ya 13(6) inasema asichukuliwe kama mkosaji mpaka ithibitike. Sasa anakuja mhubiri na spika anapiga kelele "enyi wauaji, enyi wezi, tubuni" na mbele yake kuna mzee wa miaka 70 kakamatwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Tulikuwa tunainamisha vichwa siyo kwa toba, kwa aibu. Kulikuwa na sista mmoja mzee, sitamtaja, miezi yote 19 hajawahi kuniuliza ulifanya nini. Aliniuliza umelala vizuri? Kwenu wanajua uko hapa? Nilipomwambia mama yangu hajui aliandika namba kwenye kidaftari, wiki iliyofuata akarudi akasema nimeongea na mama yako, amevuna maharage, kakusalimia. Mimi nililia usiku kucha kwa maharage.

La pili ni miwani. Niliingia nasoma vizuri, nikatoka sisomi, taa hafifu sijui ni nini. Kuna wazee mle wanashika Biblia au Msahafu wanaupapasa tu. Miwani ya kusomea ya elfu tano tano barabarani, mkipeleka 20 mmefungua macho ya watu 20.

La tatu rufaa. Hili limewamaliza watu. Mtu akihukumiwa mahakama ya wilaya ana siku 10 kutoa notisi kwamba anakata rufaa na siku 45 kupeleka sababu zake, na akiwa kifungoni anaweza kupitisha makaratasi kwa mkuu wa gereza, haina haja ya wakili kupanda ngazi za mahakama. Zamani za Kigoma zilikuwa zinakwenda Mahakama Kuu Tabora, siku hizi ipo hapahapa Kigoma. Lakini mtu hajui kuandika, au Kiswahili chenyewe cha kuunga, hasa ndugu zetu Warundi na Wakongo ambao hawana ndugu wa kuwatembelea hata mmoja, siku 10 zinaisha bado analia. Mle ndani tulikuwa na mwalimu wa shule mfungwa ndo alikuwa anawaandikia watu, kwa kalamu ya kuazima. Mkileta kalamu na karatasi mmeleta dawa.

Dada Katubuka. Sijui niseme nini. Mama yako nimemuweka kwenye dua.

Isevya Tbr

Wakuu salamu kutoka Tabora. Sisi hapa tuna gereza la Uyui, kikundi chetu ni mchanganyiko, Wamoravian, Waanglikana na baadhi ya vijana wa msikiti wa mtaani kwetu. Nachangia mawili tu.

Kuna nesi mstaafu kwenye kikundi, yeye kila tukitoka kuimba anapita anauliza nani anakohoa zaidi ya wiki mbili. Sehemu yenye watu wengi hewa kidogo TB (kifua kikuu) inasambaa haraka. Dawa zake ni bure lakini ni miezi 6, na mtu anaweza kutoka gerezani mwezi wa tatu akaenda kijijini akaacha, basi imerudi ikiwa sugu na anawaambukiza watoto. Kwa hiyo siku ya kutoka nesi anahakikisha mtu ana karatasi yake ya rufaa ya matibabu na anajua kituo cha afya cha kwao, halafu anapiga simu kituoni kuuliza amefika? Vilevile kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hii kazi haihitaji pesa ni vocha tu na mtu king'ang'anizi.

La pili wasaidizi wa kisheria. Ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka polisi na magereza wawe na utaratibu wa mtu aliye kizuizini kuupata huo msaada. Badala ya ninyi akina mama kuanza kusoma vifungu mchukue msaidizi wa kisheria wa wilaya yenu aingie nanyi mara moja kwa mwezi, sisi tunamlipia nauli na chakula cha mchana. Watu hawajui hata kwamba kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 mahakama inaweza kuamua mtu akafanye kazi za jamii bila kulala gerezani, ila afisa anauliza nyumbani kwake anajulikana? Hapo barua ya mchungaji au imamu anayemfahamu kweli inasaidia. Nasema anayemfahamu kweli. Msiandike barua za uongo.

Mama Gungu

Nimesoma yote, mwanangu kanichapishia niwe nayo kwenye karatasi.

Katubuka mwanangu, nilisoma ulichoandika nikafunga simu nikaenda kukaa nje. Nimeishi Gungu miaka 34, Katubuka kwa miguu nafika. Msiba wa mdogo wako nilikuja, nilipika, nilikuwa kwenye sufuria la pili upande wa mwembe, nadhani hukunijua. Baada ya arobaini sikurudi. Sina sababu ya kukupa. Mathayo 25 tunaisoma kila tunapokwenda gerezani na tunaishia kwenye mstari wa kifungoni, wakati palepale mgonjwa naye katajwa, na mama yako ni mgonjwa. Nimekutumia namba yangu inboksi. Ukiona sawa naomba kuja kumsalimia, nitakuja na mama mmoja tu. Ukiona siyo sawa pia nitaelewa, na sitakusumbua tena.

Mstaafu na Mtoka Ndani nimewaelewa. Leo nimenunua daftari kubwa, nimechora mistari, jina, kwao wapi, namba ya ndugu, tarehe ya kutoka, dawa anazotumia, na nani kati yetu atakuwa getini. Hiyo ya mwisho ndo tuliyobishana nayo kwenye simu na mwenyekiti wangu maana anasema tukimpokea mmoja watataka wote. Nikamwambia ndiyo, wote.

Mvuna Chikichi

Mama mimi nina swali gumu kidogo. Umempokea getini, umempa nauli, kafika kwao, halafu? Nina mfano hai, mjomba wangu alifungwa gereza la Kwitanga, pale wana mashamba ya michikichi, alitoka anajua kila kitu, kuotesha, kupogoa, kukamua. Alirudi kijijini hakuna aliyempa hata nusu eka ya kukodi, wanamuogopa. Alikaa mwaka mzima kibarua wa kubeba mawe.

Aliyemtoa pale ni katekista wa kigango, alikuwa na shamba la kanisa linaota nyasi, akawaambia wazee tumpe alime kwa mkataba, tugawane. Kipindi kile ndo miche ya Tenera, ile michikichi ya kisasa, inagawiwa kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga, wakapata, wakapanda. Sasa hapo ndo nataka watu waelewe, Tenera inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, huyo mtu miaka miwili yote atakula nini? Wakampa mbegu za maharage na mahindi apande katikati ya michikichi ingali midogo, na katekista kila Jumapili anapita kuangalia, kama rafiki tu, wanakaa wanaongea. Mwaka wa pili maharage yaliliwa na wadudu, akataka kuondoka aende mjini, katekista alilala kwake siku mbili wakiongea. Leo mjomba ana mtambo mdogo wa kukamulia, watu haohao waliomuogopa wanampelekea chikichi.

Ninachosema ni kwamba mkiandika kwenye daftari mwisho wa safari uwe kijijini, mtafuteni mtu wa dini aliyeko hukohuko. Nyie wa mjini hamtaweza kufuata kila mtu mpaka Kakonko.

Mstaafu wa Kaki

Huyu kasema. Hata kwenye parole, ile ya sheria ya 1994, mtu anamalizia adhabu yake nje chini ya uangalizi, na uangalizi bila majirani wanaomkubali ni karatasi tu. Nimeona watu wenye sifa zote wanarudi kijijini kwao wanafungiwa milango. Kiongozi wa dini akisimama siku ya Ijumaa au Jumapili akasema huyu ni wetu, hilo ofisi yoyote haiwezi kulifanya.

Ustadh Ujiji

Na tusisahau wanawake. Mwanaume akifungwa mkewe anamletea sabuni, mwanamke akifungwa mara nyingi mume anaoa. Nimeona dada ana miaka 4 ndani hajatembelewa na yeyote wa nyumbani kwake. Akina mama wetu wa msikitini nimeanza kuwaomba waende upande ule, mimi mwanaume siwezi kukaa nao kuwasikiliza vizuri.

Katubuka 88

Narudi kuandika maana niliandika kwa hasira na naona watu wengi wamenijibu vizuri.

Mama Gungu alikuja Jumamosi na mwenzake mmoja. Walifika saa kumi, mama akasema hataki wageni, mimi nikawaambia jamani nisameheni, wao wakasema sawa wakakaa kibarazani wakaanza kuchambua mchele wetu uliokuwa kwenye ungo. Hawakusema kitu. Baada ya kama nusu saa mama akatoka ndani akawauliza mnatoka wapi, wakaongea habari za bei ya dagaa. Baadaye mama akaenda chumbani akaleta picha ya mdogo wangu. Kaongea habari zake mpaka magharibi, vitu vingine mimi mwenyewe nilikuwa sivijui, kwamba alikuwa anamuibia mama sukari anawapa watoto wa jirani.

Hakuna aliyemwambia asamehe. Niliogopa sana watamwambia na kama wangesema ningewatoa. Mama Gungu alipoaga alimwambia kesi ikitajwa tena niambie tarehe nije tukae wote kwenye lile benchi. Ni tarehe 14.

Mimi moyo wangu kwa yule mtu bado haujabadilika. Lakini mama leo asubuhi amekunywa dawa bila kulazimishwa.

Muha wa Buhigwe

Dada asante kwa kurudi. Tarehe 14 nitakuwa Kigoma kwa mizigo, na mimi nitakuja kukaa hapo benchini kama hamtajali.

Mama Gungu

Kikao kimeisha jana usiku. Mwenyekiti amekubali. Tumeingia gerezani leo na barua, watu 8, miwani 15, kalamu boksi moja na madaftari, na nilikaa na afisa ustawi saa nzima. Ndani ya mwezi huu wapo 7 watakaotoka, 5 wamekubali kuandikwa, wawili hawakutaka na tumewaacha. Katika hao 5 ndugu wa wawili tumewapata kwa simu, mmoja mama yake alipokea akanyamaza halafu akauliza ni kweli au ni matapeli. Nikampa simu afisa aongee naye.

Yule kijana wa besi bado ni mahabusu, kesi yake inatajwa wiki ijayo. Mwenye betri nimemtafuta mwaloni, betri alishalipata, na nimekwenda kumuomba radhi kwa niaba ya kanisa letu, akashangaa kanisa linahusikaje. Nikamueleza habari ya mkoba. Hakusema atafanya nini na sikumuuliza.

Jumatatu anatoka mmoja wa Uvinza, hana mtu. Nahitaji wa kuwa naye getini mpaka apande gari.

Bajaji Mwanga

Mama nimekuwa nasoma tu siku zote. Nina bajaji, saa mbili asubuhi Jumatatu nitakuwa pale, hela ya mafuta sitaki.

Mtoka Ndani

Na mimi nitakuja mama. Nyie hamtajua aongeleshwe nini zile dakika za mwanzo, mimi nitajua. Mpeleke kandambili, akitoka na viatu vyake vya zamani vitakuwa vimekauka vinamkata.

Mama Gungu

Namba ngapi baba?

Mtoka Ndani

Chukua 8 na 9 zote.